Meno Mawili ya Mbele

Karani wa dirisha la bima alinirudishia kadi chini ya kioo, na fomu juu yake.

"Hii hailipiki, mama."

"Hailipiki vipi, mwanangu? Kadi iko hai mpaka Jumamosi."

"Kadi haina tatizo. Tatizo fomu." Kibandiko kifuani mwake kilimtaja Nassibu. Aliinua karatasi akanisomea. "Mgonjwa hana malalamiko. Anaomba kusafishwa meno. Unaona? Bima inalipia kusafisha kama ni tiba. Kama umekuja kung'arisha tu, hiyo ni juu yako."

Nyuma yangu alikuwapo bwana mmoja, Kasimiri, shavu limemvimba kama ameweka embe. Alikuwa ameshanieleza habari zake zote tukiwa benchini.

"Mama, tusogeze basi," akasema. "Sie wenzio tunaumwa, nyie mnakuja kupendeza."

Watu wakacheka. Nikaufumba mdomo wangu.

Sikuja kupendeza. Tangu mwezi wa Rajabu, meno yangu mawili ya juu, ya mbele kabisa, yalikuwa yakicheza. Na mimi nilikuwa na haja nayo. Nina miaka hamsini na tatu, na sikujua kusoma msahafu mpaka nilipomzika mume wangu. Huu ni mwaka wa nne kila jioni nafunga meza yangu ya nazi sokoni Buguruni, natawadha, naingia darasani kwa Ustadha Zubeida, nakaa na wanawake wenzangu na watoto wa watu. Wiki mbili mbele kila mmoja wetu angesoma sura yake mbele ya kina mama wa mtaa, bila kuangalia. Ustadha ametufundisha kwamba herufi ya thaa haitoki mpaka ncha ya ulimi iguse kingo za meno hayo mawili. Bi Tabu, jirani yangu, hana yake. Thaa yake hutoka kama upepo wa mlangoni. Ustadha humwambia Mungu hupokea kwa kila mtu alichonacho, nami naamini hivyo. Lakini yangu bado ninayo.

Kadi yenyewe naipata kwa mwanangu Faraji, na mkataba wake kiwandani Mikocheni ulikuwa unakwisha Jumamosi hiyo. Kituo hiki cha Temeke husafisha meno Alhamisi tu, mwisho saa sita. Leo ilikuwa Alhamisi. Saa ya ukutani ilisema saa tano na nusu.

Nassibu alinionea huruma, akainamia kioo. "Mama, kung'oa bima inalipa. Daktari akiandika kung'oa, mie nagonga muhuri sasa hivi."

"Si ndiyo!" Kasimiri akadakia. "Mie hili la tatu mwaka huu. Dakika tano tu, unakwenda zako."

Nilikwenda kuketi. Fomu ilikuwa mkononi, na nilijua nani aliyeiharibu.

Asubuhi ile daktari aliponiuliza, "Habari za afya, mama?" nilimjibu, "Njema, alhamdulillahi." Akauliza kama fizi zinanisumbua, nikasema namshukuru Mungu. Akauliza kama zinatoka damu. Nikasema, "Si sana, Mungu mwema." Ndivyo nilivyolelewa: anayekujulia hali humpi shida zako, unampa shukurani. Tena siku mbili nzima nilikuwa nikisugua kwa mswaki wa mti na kusukutua maji ya chumvi na karafuu, kwa haya ya kumfunulia kinywa kichafu mtoto wa mwenzangu. Daktari aliona kinywa safi na mama anayeshukuru. Akaandika alichoambiwa.

Nikaomba moyoni: Ya Rabi, kama ni kufuru kusema naumwa, nisamehe. Na kama ni uongo kusema siumwi, nisamehe hilo kwanza.

Nikainuka, nikausukuma mlango wa daktari bila kuitwa. Muuguzi, binti aitwaye Naima, akanizuia kwa mkono.

"Mama, wewe si umeshatoka? Zamu ya mwenzio hii."

"Nimemdanganya daktari."

Akashusha mkono. "Umemdanganya nini?"

"Nimemwambia mie mzima."

Daktari Elibariki alikuwa anavua glavu. Aliitazama saa, akanitazama mimi. "Mama, vipi tena?"

"Niulize upya, mwanangu. Yote."

Akaketi. "Fizi zinatoka damu?"

"Kila alfajiri. Foronya yangu ina madoa. Mfungo uliopita nilikuwa natema mchana kutwa, naogopa kumeza. Natafuna upande mmoja tu. Na haya mawili yanacheza." Kila sentensi ilitaka kufuatwa na alhamdulillahi, na kila mara nilikaza taya.

"Sasa mbona hukusema?"

"Uliniuliza habari. Habari hujibiwa njema."

Hakucheka. Alinilaza kitini, akavaa glavu nyingine, akaingiza kijiti chembamba cha chuma pembeni mwa fizi. Damu ikaja hapo hapo. Niliionja chumvi yake. "Umesugua juu, mama. Ukoga umejificha chini ya fizi, huko mswaki haufiki." Akalishika jino la kushoto kwa vidole viwili, akalitikisa.

"Mwingine angeling'oa hili," akasema.

"Usiling'oe."

"Nikisafisha, fizi inaweza kulikamata tena. Inaweza pia isilikamate. Siwezi kukuahidi."

Akaandika fomu mpya. Ugonjwa wa fizi. Damu. Meno mawili yanalegea. Kusafishwa chini ya fizi, tiba.

Nilipofika dirishani zilibaki dakika nane. Kasimiri ndiye aliyekuwa mbele, bado akingoja muhuri wake.

"Mama tena?"

Kinywa kilikuwa kimejaa damu. Nikatema kwenye leso. Akaliona lile doa, akarudi nyuma hatua mbili. "Pita, pita. Kumbe nawe mwenzetu."

Nassibu alisoma mpaka mwisho, kisha akaandika kwenye kompyuta. Alama ndogo ikaanza kuzunguka kwenye kioo cha kompyuta. Ikazunguka. Mimi nilikuwa nikileta istighfari kwa vidole.

"Wamekataa?"

"Mtandao, mama. Subiri."

Dakika nne. Tatu. Nyuma yangu hakuna aliyecheka.

"Imepita," akasema, akagonga muhuri.

Daktari hakuondoka saa sita. Mashine ililia karibu na ubongo wangu, maji yakamwagika shingoni, na Naima akaufuta uso wangu kama wa mtoto. Nililia pia, sitaficha. Daktari alipofika jino la kushoto nilifumba macho nikasubiri lidondoke ulimini.

Kisha mashine ikazimwa.

Nilipeleka ncha ya ulimi juu polepole. Baridi. Kingo kali, kama si zangu. Moja. La pili lilitikisika kidogo, likakaa. Nikatoa pumzi katikati ya ulimi na meno: thaa.

"Unasemaje, mama?" daktari akauliza.

"Nasoma."

Akachukua kalamu na faili langu. "Maumivu?"

Neno la siku zote lilipanda kooni. Nikalitanguliza lingine.

"Yapo," nikasema. "Mengi. Alhamdulillahi."

Akaandika.