Sahani ya Mgeni

Njia yote kutoka Kabambare, matope yakiruka mpaka magotini, Amisa hakunyamaza. Safia, binti yake, amebanwa katikati ya mama na dereva wa moto, pikipiki ya kukodi, anasikiliza sifa za nyumba ya Mama Djamila kana kwamba hakuanza kuzisikia tangu yuko mgongoni. Kahawa ya tangawizi ya nyumba ile! Maulidi ya nyumba ile, ubani mpaka barabarani! Wanawake wengine hukumbuka ujana wao kwa wanaume. Amisa huukumbuka kwa nyumba moja ya Kasongo.

Na si uongo, mle alipendwa. Baba yake alikuwa Mubangubangu kwa kabila, mkulima wa upande wa Lusangi, aliyezoea kumuuzia mpunga mume wa Djamila, mungwana wa mjini Kasongo, mpaka wakawa marafiki. Alipotaka binti yake asome mjini, alimpeleka kwao. Dini ilikuwa moja, nyumba ilikuwa kubwa. Djamila akamfundisha kusoma Kurani kwa sauti nzuri, kufunga kitenge, kukaanga maandazi yasinywe mafuta. Jioni alimsuka.

"Ee mutoto, hizi nywele zenu! Chanuo litavunjika!" Djamila alikuwa akisema, na nyumba nzima ikicheka, Amisa kuliko wote. "Lakini wewe hauko kama wale wa kwenu. Wewe iko mungwana kabisa."

Loo, sifa hiyo! Amisa alirudi nayo kwao, akaolewa nayo, akafungua duka nayo, na Safia akalelewa akiisikia kila wiki.

Sasa Hemedi, mjukuu wa Djamila, alikutana na Safia mjini Salamabila katika biashara ya vitenge, na anataka kumuoa. Baba yake Safia ni marehemu. Wajomba walisema wazi: "Amisa, nyumba ile unaijua wewe. Ukisema ndiyo, sisi ni ndiyo." Neno hilo lilitakiwa leo.

"Mama, niko na woga," Safia alisema waliposhuka.

"Woga wa nini? Umefika kwenu."

Djamila alikuwa amezeeka sana, macho yameingia ukungu. Alimpapasa Amisa uso, wakalia, wakachekana kwa kulia. Hapo Amisa alikuwa na furaha tele, msimnyime. Kisha akaja Subira, mama yake Hemedi, akamshika Safia kidevu, akamgeuza huku na huku.

"Muzuri, kweli. Mweusi, lakini sura imetulia. Mungu akisaidia, watoto watafuata baba."

Wanawake wakacheka kidogo. Amisa naye akacheka. Kicheko kilitoka kabla hajafikiri, kwa mazoea tu. Safia hakucheka.

"Anatania," Amisa akamnong'oneza.

Chakula kikaletwa. Pilau ya mbuzi katika sinia kubwa, na wanawake wa nyumba wakaizunguka mkekani, magoti kwa magoti. Sahani mbili zikapakuliwa kwanza, nyama nzuri juu, zikawekwa kwenye meza ndogo ya dirishani.

"Wageni wetu, ninyi hapa," Subira alisema.

Amisa nusura apige makofi. "Unaona? Hata mimi nilikuwa na sahani yangu, tangu mudogo. Hiyo ni heshima, mwanangu."

Hawajatia tonge mdomoni, akaingia mama mmoja kutoka Kindu, mfuko bado mkononi. Hakuna aliyemjua. Subira akamuuliza jina la baba yake, na lilipotajwa, jina la ukoo mkubwa wa wangwana wa mjini, kelele za furaha zikapigwa.

"Kumbe wetu! Njoo, njoo, nawa, ingiza mukono!"

Wakabanana, akakaa. Hakuna aliyeinuka kumtafutia sahani.

Safia alisema kwa sauti ya chini, "Mama, uliishi hapa mpaka ukamaliza shule?"

"Ee."

"Na siku zote ulikuwa mgeni?"

Jamani! Amisa aligeuka kutazama sinia. Aliiona ile nyumba yake ya zamani, tangawizi ile ile, ubani ule ule, na msichana ameketi dirishani na sahani iliyojaa, anatazama migongo. Watoto wa Djamila waligombea ukoko mpaka wakapigana. Kwake yeye ukoko uliletwa, umewekwa pembeni vizuri. Hata siku moja hakuna aliyegombea naye. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka. Alitaka kumshika binti yake mkono, watoke, wakatafute moto nyingine. Lakini watu hawa aliwapenda, na ndilo lililomuuma.

Akainuka na sahani zote mbili, akazimwaga katika sinia.

"Nisogezeeni."

"Amisa!" Subira alishtuka. "Tumekosea nini? Si tumewaheshimu?"

"Heshima hiyo mumpe huyu mama wa Kindu, ndiye mugeni. Mimi nililelewa hapa." Akamgeukia Djamila. "Mama, ulinipenda, ninajua. Lakini haukula na mimi hata siku moja. Mutoto wangu hataolewa aje kukaa dirishani."

Subira akasema ameshiba, na tonge lake la kwanza bado liko mkononi. Akalirudisha, akatoka uani. Mama wa Kindu aliukodolea wali macho.

 Djamila akasema, "Ndivyo tulivyokuta, mwanangu. Sikuuliza."

"Hata mimi sikuuliza, Mama."

Bibi akasogeza magoti yake kwa shida. Akapapasa sinia, akapata nyama, akaichambua kwa vidole kama mama wa Kasongo anavyomchambulia mtoto mdogo, akaisukuma upande wa Amisa. Amisa, mtu mzima mwenye mvi na duka lake, akala. Ilikuwa tamu kuliko ya dirishani, wallahi, na machozi yakamtoka asiyafute.

Safia aliketi kando yake. "Basi, Mama? Ni ndiyo au hapana?"

Amisa alitazama mlango wa uani. Subira alisikika huko nje akimwaga maji, akiongea peke yake.

"Mama mkwe wako akirudi kula na sisi," alisema, "ni ndiyo."

Wakangoja, na wali ukaanza kupoa.