Pua ya Leandro

Mume wangu Leandro ana majivuno, na majivuno hayo yote yamekaa puani. Hapa kijijini kwetu, katika mkoa wa Rioja nchini Uhispania, mtu akitaka kujua kama mvinyo wa kwenye pipa lake uko sawa, anamwita yeye. Leandro ananusa, anafumba macho, anaanza kutaja cheri na ngozi na tumbaku mpaka unatamani kumzaba kofi.

Kwa hiyo Jumapili ile wakwe walipokuja kula, nilijua tutasikia hotuba. Amaya, binti yetu wa pekee, anaolewa na kijana wa Ribera, eneo jingine la mizabibu, na baba wa kijana, Eutimio, naye ni mkulima wa mizabibu. Watu wa Ribera wanaamini mvinyo mwekundu wa kweli ni wa kwao, sisi wengine tunauza juisi. Nilitaka warudi kwao wakijua binti yetu ametoka kwenye nyumba ya heshima.

Tulikaa ndani ya pango letu la mvinyo, chini ya kilima. Mlangoni mbavu za mwanakondoo zilikuwa zinachomwa kwenye makaa ya matawi ya mizabibu, na pilipili hoho nyekundu za kuchoma nilikuwa nimezimenya mwenyewe asubuhi. Leandro akaleta chupa aliyoiweka mwaka aliozaliwa Amaya. Kama kawaida, mwenye nyumba alijimiminia kwanza. Akanusa, akafumba macho.

"Cheri iliyoiva," akasema. "Na ngozi ya tandiko. Mkwe, huo wa kwenu ukiwekwa mbele ya mbavu hizi utakimbia."

"Mimina basi, tuone nani atakimbia," Eutimio akacheka.

Nikainua glasi yangu, nikaishusha. Ilinuka gunia lililolowa likaozea ghalani. Kizibo kilikuwa kimeuharibu mvinyo, na hata mtoto wa hapa angejua kabla glasi haijafika mdomoni. Amaya akainamia sahani yake. Fuencisla, mke wa Eutimio, akawa anafuta midomo isiyo na kitu. Eutimio alinusa, akamtazama Leandro ambaye bado alikuwa anatabasamu, kisha akanywa glasi nzima.

"Unaenda vizuri na nyama," akasema kwa upole, akajiongezea.

Uso uliniwaka. Bora angetucheka. Nikamvuta Leandro nyuma kwenye mapipa.

"Umerukwa na akili? Unawanywesha wageni uozo?"

Tabasamu likamtoka. "Una nini huo mvinyo?"

"Unaniuliza mimi?"

"Visi, mke wangu, niambie tu. Tangu ile homa ya Januari sisikii harufu yoyote. Hata ya kitunguu."

Majuzi niliunguza maharage, akayala yote kimya, nami nikafurahi kwamba hatimaye mzee amejifunza adabu. Nilikuwa nakula naye meza moja kila siku na sikuona kitu. Hapo nikaona aibu yangu mwenyewe, na ilinichoma kuliko ile ya mezani.

"Nitawaambia nimekosea mimi," nikasema. "Nimekupa chupa siyo."

"Hapana."

Akachukua chupa nyingine ya mwaka uleule, akarudi mezani, akaifungua. Hakujimiminia. Alimimina kidogo kwenye glasi safi, akaisogeza kwa Eutimio. Glasi ya mwenye nyumba, akampa mtu wa Ribera, binti yake akiangalia.

"Nusa wewe, mkwe," akasema, macho yakiwa mezani. "Pua yangu imekufa. Na ule uliounywa kwa ajili yangu, nisamehe."

Eutimio alinusa, akavuta tena taratibu. Hakumpa pole. Alisogeza kiti chake mpaka karibu na Leandro.

"Cheri," akasema. "Iliyoiva, kama ulivyosema. Na ngozi. Ngoja... ndiyo, ya tandiko."

Leandro alifumba macho kumsikiliza. Mimi nikaenda kugeuza mbavu ambazo nilikuwa nimeshazigeuza.