Hodi ya Bwana Castory

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, Mwanvita alikuwa ameshapiga deki na chai ya tangawizi imo kwenye chupa, alipomwona Bwana Castory, mwenye kampuni, amesimama barazani haingii. Alikuwa ameweka bega mlangoni kama mtu anayesukuma gari lililozimika, ila mlango wenyewe ulikuwa wazi.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Hiki kitu kimeanza lini?"

"Nimekikuta asubuhi, bosi. Kinauliza jina lako na ulichofuata. Ukisema, unapita."

Kampuni ilikuwa Mwembesongo, na kazi yake kununua mdalasini, karafuu na pilipili manga kutoka milimani. Kwenye kompyuta kulikuwa na orodha ya wakulima, majina na namba zao za simu. Tangu Ramadhani, orodha hiyo ilikuwa inatoka. Mkulima akiuza tu mzigo, anapata ujumbe unaomtaja kwa jina na kilo zake, unamwambia atume ada ya usajili. Wengi walituma. Stambuli wa Kinole, huko milimani, mjomba wake Mwanvita, alituma hela ya bati, na nyumba yake ikabaki na nyasi upande mmoja.

Bwana Castory alichunguza kwa siku moja. Akaona mwenye funguo za vyumba vyote ni mfagizi, akamwandikia barua ya onyo yenye muhuri. Mwanvita aliishia darasa la saba, na kompyuta alikuwa anaifuta vumbi tu. Lakini mjomba alipiga simu, na kwa Waluguru mjomba akisema amesema. "Usipande huku mpaka hiyo barua ifutwe," alisema, bila hasira, na hapo ndipo ilipouma.

Wanunuzi wa Dar nao wakasema hawafanyi biashara na ofisi inayovuja. Ndipo akaja fundi Faraja, binti mwenye kompyuta ya mkononi na chupa ya maji, akafunga faiwoli, yaani ukuta wa kulinda kompyuta.

"Mbona sioni kasha?" Bwana Castory aliuliza.

"Siku hizi hakuna kasha, bosi. Inakaa huko huko mtandaoni. Haimwamini mtu kwa cheo, wala kwa sababu jana alipita. Kila anayeingia anasema yeye nani na anafuata nini."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Bwana Castory alicheka. Mtu hapigi hodi kwake.

Juma la kwanza ukuta ulikaa kwenye kompyuta. Juma la pili ukasogea mpaka mlangoni, kwa kuwa watu nao huingia. Yuliana, karani, aliusifu. Hata nzi walipungua, maana nzi hana maelezo.

"Wewe nani, na umefuata nini?" ukuta ulimuuliza Bwana Castory Jumatatu ile, kwa sauti ya nesi wa mapokezi.

"Castory. Nimekuja kazini."

Hewa ya mlangoni ilibaki ngumu kama godoro lililolowa.

"Nimekuja kukagua mafaili."

Ngumu vilevile.

"Bosi, sema tu ukweli," Yuliana alimwambia kutoka ndani. "Mimi nimesema nimekuja kuchaji simu, nikapita."

Ilipofika saa tatu jua lilikuwa limeshaingia barazani. Bwana Castory alitazama kushoto, akatazama kulia, akasogeza mdomo karibu na mlango. "Nimefuata orodha ya wakulima, nikawauzie wale vijana wa ujumbe."

"Karibu," ukuta ulisema.

Akapita. Faraja alipopigiwa simu alieleza kuwa mitambo iko sawa. Mwenye ofisi ana ruhusa ya kila kitu, alimradi aseme.

Mwanvita alimpelekea chai, akabaki amesimama na sinia.

"Bosi, ile barua yangu."

"Barua gani?"

"Ya onyo. Si umesema mwenyewe pale mlangoni?"

"Mwanvita, ile ina muhuri. Kitu chenye muhuri hakifutwi kwa maneno ya mlangoni."

Kuanzia siku hiyo Bwana Castory aliyasema maneno yake kila asubuhi, haraka haraka, kama mtu anayetaja namba yake ya simu. Yuliana aliacha hata kuinua kichwa.

Alhamisi walikuja wanunuzi kutoka Dar, Bwana Luqmani na mwenzake, kukagua usalama. Walikaribishwa barazani kwenye viti vya plastiki. Saa hiyo hiyo wale vijana walikuwa wanasubiri orodha, na orodha ilikuwa ndani kwenye printa. Bwana Castory alijikuna shingo. Mbele ya wageni, yale maneno yalikuwa hayasemeki.

"Mwanvita, mwanangu, hebu nichukulie ile karatasi."

Mwanvita alifuta mikono kwenye khanga, akasimama mlangoni.

"Wewe nani, na umefuata nini?"

Akapaza sauti kama watu wa Kinole wanavyoitana kutoka ng'ambo ya bonde. "Mimi Mwanvita, mpwa wa Stambuli! Nimetumwa na Bwana Castory orodha ya wakulima, akawauzie matapeli wanaowaibia kwa ujumbe!"

"Karibu."

Bwana Luqmani aliweka kikombe chini.

"Hajabakiza neno," alisema. "Ukuta kama huu ndio ulinzi. Unafungwa hata kwenye ghala?"

"Popote," alisema Bwana Castory.

Wakasaini mkataba wa biashara pale pale, wakitumia sinia la Mwanvita kuwa meza.

Alipotoka na karatasi, Mwanvita hakuikabidhi. "Bosi, barua yangu," alisema. Bwana Castory alikuwa amefurahi, hakutaka ubishi. Akaagiza barua iletwe, akavaa miwani, akaisoma yote. Ilisema Mwanvita anashukiwa kutoa orodha ya wakulima nje ya ofisi. Akaitazama karatasi iliyokuwa mkononi mwa Mwanvita.

"Kweli, hapa palikuwa na kosa," alisema. Akachukua kalamu, akakata neno "anashukiwa", akaandika juu yake "ameonekana". Kisha akagonga muhuri upya, na mkono wa pili akapokea orodha yake.

Jioni mjomba Stambuli alipiga simu.

"Vipi ile barua, mwanangu?"

"Imerekebishwa, mjomba," alisema Mwanvita. "Sasa hakuna uongo ndani yake."