Maji ya Mgeni

Kati ya chupa sitini, hamsini na saba zilibaki safi, na Poni akafurahi kupita kiasi. Mtu aliyekaa Juba miaka sita, akaona kila siku malori yanavyofyonza maji mtoni na kuyamwaga kwenye mapipa ya watu, angejiuliza usafi huo umetoka wapi. Poni hakujiuliza. Alikuwa na tasnifu ya kumaliza, na chupa zake zilisema jambo ambalo msimamizi wake alitaka kulisikia.

Chupa zenyewe zilikuwa ndogo, na ndani ya kila moja mlikuwa na dawa. Unatia maji, unafunga, unangoja hadi kesho yake. Maji yenye uchafu wa choo hugeuka meusi, yaliyo salama hubaki kama yalivyo. Kazi ya Poni ilikuwa kupita nyumba sitini za mtaa wa Nyakuron, kupiga hodi, kusalimia na kuomba maji ya kunywa. Njia hiyo alifundishwa na msimamizi wake huyo, Dakta Awino, Mkenya aliyekuwa na mwaka wa saba katika chuo kikuu alichosoma Poni, ambaye aliitumia mwenyewe mtaani Buluk kwa makala iliyompa jina. Makala ilisema kwamba maji hufika nyumbani machafu, lakini wenyewe huyasafisha vizuri kabla ya kuyanywa. Sasa kulikuwa na shirika lililosubiri tasnifu ya Poni ili liamue kama Nyakuron nako wapewe dawa ya kusafisha maji au waachwe.

Dakta Awino hakuwa mtu wa kuchezewa. Ukichelewa dakika tano, unakuta mlango umefungwa, na kubisha ni kujitafutia makubwa. Hata hivyo yeye ndiye aliyempendekeza Poni kwa nafasi ya kusomea uzamivu Nairobi, miaka mitatu yenye ufadhili kamili, nafasi moja tu. Tasnifu yenye saini na barua ya msimamizi vilitakiwa vifike Ijumaa, saa sita mchana.

Jumatatu Poni alirudi Nyakuron kuchukua mwavuli aliousahau kwa Harriet, mama wa nyumba ya kumi na mbili katika daftari lake. Kwa kuwa alisikia sauti uani, alizunguka nyuma bila kupiga hodi. Akamkuta Harriet amechota maji kwenye pipa la buluu, lile linalojazwa na lori, anakunywa. Akamaliza, akachota tena, akampa bintiye mdogo.

"Mama, maji yenu ya kunywa si yale mliyonipa ya mtungini, kule ndani?" Poni aliuliza.

Harriet alicheka. Alikuwa ameishi Arua, Uganda, miaka kumi na minane kabla ya kurudi, na Kiswahili chake kilitoka huko. "Ile ya mtungi? Ile ni ya mgeni. Mimi nanunua ya chupa dukani, naweka pale. Sasa wewe, mtu ya chuo, mimi napa wewe maji ya pipa? Hiyo ni haya mingi, dada!"

"Na majirani zako?"

"Wote. Wewe ulikuja na salamu mzuri, na nguo safi. Khalas, basi, tukakupa maji safi." Kisha akamshika mtoto kichwani. "Huyu tumbo nasumbua yeye mwezi mzima. Kama chuo iko na dawa, utuletee."

Nyumba sitini zilimkaribisha, na zote sitini akapima heshima ya watu akidhani anapima maji yao. Alikuwa na chupa tisa mkobani. Alizijaza siku hiyohiyo kwenye mapipa tisa, na Jumanne asubuhi nane zilikuwa nyeusi kama wino.

Jumanne nzima alinyamaza. Harriet hasomi tasnifu za watu, na chupa nane zinaweza kuoshwa. Nairobi aliitaka mno, tena aliitaka kwa uchungu wa mtu aliyekuwa mkimbizi na kuambiwa mara nyingi asubiri zamu yake. Alikwenda sokoni Custom akachapisha ukurasa wa saini, akaupeleka ofisini kwa Dakta. Lakini mtoto yule hakumtoka akilini, na Jumatano saa mbili kamili alikuwa mlangoni, amejikaza kisabuni.

Dakta Awino alimsikiliza bila kumkatiza, jambo lililomtisha Poni kuliko makelele. Zile chupa nyeusi zilikuwa mezani kati yao.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu, Dakta."

"Na mimi kule Buluk, nilifanyaje?"

"Ulipiga hodi, Dakta."

Dakta alisimama, akaenda dirishani, akarudi. "Kwa hivyo unaniambia kazi yangu ya miaka hii yote ni takataka."

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Sikiza, Poni. Kule Nairobi barua yako itasomwa kwa sababu ya jina langu, na jina langu ni hiyo makala. Ukishaiangusha, nani atasoma barua yako?" Alitoa ukurasa wa saini kwenye droo, akausukuma mbele. Ulikuwa umeshasainiwa. "Peleka. Ukishafika kule utafanya utafiti mwingine, hata mia. Wacha hizi chupa hapa."

Mkono wa Poni uliuchukua ukurasa kabla yeye mwenyewe hajaamua. Aliiona saini, wino wa buluu, imekaa vizuri. Hakuwahi kutamani kitu kama alivyoitamani karatasi ile. Akairudisha mezani.

"Twende Nyakuron, Dakta. Nyumba moja tu. Upige hodi wewe mwenyewe. Ukiona nimekosea, naipeleka leo hii."

Alitarajia kufukuzwa. Badala yake Dakta akachukua funguo za gari. Njia nzima Poni alikuwa na hakika kwamba amejichimbia kaburi.

Kwa Harriet, Dakta alipiga hodi mbele, akasalimia, akaomba maji ya kunywa, kama alivyozoea. Harriet akatoa kiti, akafuta meza ambayo haikuwa na vumbi, akaingia ndani. Alirudi na sinia, na juu yake kikombe chenye maua, kimejaa maji ya mtungini.

Dakta alikishika bila kukinywa. "Mama, maji haya unayanywa wewe?"

Harriet alimtazama Poni, kisha akatazama chini kwa aibu. "Hapana, mwalimu. Hiyo ni yako."

Dakta alikuwa anakigeuza kikombe kile mkononi, anaangalia maua.

"Kule Buluk kila nyumba ilinipa kikombe chenye maua," alisema polepole. "Kila nyumba, Poni. Nikaandika kwamba watu wa Buluk hutunza vyombo."

Akayanywa maji yote, maana kuyaacha ni kumvunjia mwenyeji heshima, akashukuru. Kisha akaomba aonyeshwe pipa. Poni alikuwa ameshabandika karatasi kwenye chupa mpya na kuandika namba 70. Dakta aliichukua chupa, akainama mwenyewe pipani, akaijaza.

"Na Ijumaa, Dakta?" Poni aliuliza.

"Ijumaa huna cha kupeleka. Nafasi itaenda kwa mtu mwingine." Hakupamba maneno. "Na mimi leo nitawaandikia wale waliochapisha makala ya Buluk. Sijui mwaka ujao jina langu litakusaidia nini."

Poni alilia palepale uani, bila kujificha, naye Harriet akamletea kiti asijue kosa ni la nani. Dakta hakumbembeleza. Alitoa kalamu, akaikata namba 70, akaandika 1, akampa chupa aishike.

"Futa machozi," alisema. "Nyumba inayofuata tutapitia nyuma."