Bado ya Papa Thembo

Ronah alilichagua neno lile kwa siku tatu, kama mtu anayechambua maharagwe ya mbegu. "Daima" aliliacha, maana lilimkumbusha viapo vya wanasiasa. "Abadi" hapa Bwera nani angelielewa? "Maisha" ni neno la wapenzi na la wafungwa. "Kudumu" lilikuwa limezoea kukaa kwenye fomu: makazi ya kudumu, anwani ya kudumu. Likabaki "milele", na hilo ndilo alilolichora kwa msumari juu ya saruji mbichi, herufi moja moja, ulimi umetoka nje kidogo kama mtoto wa darasa la kwanza:

SOPHIE KAHAMBU. MAKAO YAKE YA MILELE.

Sophie hakuwa ndugu yake wa damu. Alivuka mpaka na mumewe, Thembo, vita vilipowafukuza kwao karibu na Butembo, wakapanga chumba nyuma ya nyumba ya mama yake Ronah. Kila Ronah aliporudi likizo kutoka chuo kikuu, alikuta sombe yake, majani ya muhogo, jikoni, imefunikwa kwa sahani, ingali moto. Siku ya mahafali Sophie ndiye aliyepiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Miezi miwili baadaye homa ikamchukua. Walimzika nyuma ya migomba ya mama Ronah. Mzee Thembo akabeba mawe saba kutoka ng'ambo ya mto Lhubiriha, upande wa Kongo, akayapanga juu ya udongo. Hakuweka kingine.

Mwaka ukapita. Mbuzi wakakanyaga, mvua ikaudidimiza udongo. Siku Thembo alipoaga kwenda kuwaona ndugu zake, Ronah alimuuliza:

"Papa, tumjengee mama kaburi?"

"Bado," alijibu mzee, akatazama chini.

Ronah aliusikia umaskini ndani ya neno hilo. Alimsikia mwanamume anayeona haya kwa kukosa saruji. Basi mshahara wake wa kwanza wa ualimu kule Munkunyu ulipotoka, alimwita Nobert, fundi wa nyumba za matofali anayejulikana mpaka Mahango, na kazi ikaisha kabla mzee hajarudi.

Leo alikuwa amerudi, mfuko wa plastiki kwapani, vumbi la safari hadi kwenye nyusi. Ronah alimtangulia katikati ya migomba, moyo ukimruka kama wa mtu aliyeficha zawadi mgongoni. Nobert alikuwa pale akiimwagilia saruji maji isije ikapasuka.

"Mzee, karibu! Angalia kazi. Hii ni pamanenti! Hata mto ikuje na hasira yake yote, mama hatoki hapa."

Akacheka peke yake. Mzee alikuwa akifuatisha herufi kwa kidole.

"Ya milele," alisema. "Nani alisema ya milele?"

"Mimi, papa. Nilitaka…"

"Makao ya milele iko kwa Mungu, mutoto yangu. Hapa iko shamba ya mama yako." Sauti yake haikupanda. "Si nilikuambia bado?"

"Uliniambia. Nikadhani hujapata saruji."

"Saruji?" Alimtazama kama hamjui. "Bado, Ronah! Sophie alikuwa anapita tu. Nilimuambia akiwa kitandani, utalala kwa mama Ronah kidogo, halafu nitakurudisha kwetu."

Akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na kitenge kipya cha buluu chenye ndege, hakijakatwa.

"Wazee wamekubali. Wamenipa nafasi pembeni ya mama yake. Hii ni ya kufunga mifupa. Nimekuja kumuchukua."

Nobert alivua kofia. "Tunaweza kuvunja, mzee. Lakini nilimwaga nzito, na udongo ilikuwa imebonyea. Saruji imeshuka chini sana. Itataka kupiga kwa nguvu."

"Na mawe yangu?"

"Iko ndani," fundi alinong'ona. "Niliivunja, ikakuwa kokoto."

Nyundo kubwa ililetwa. Thembo aliishika, akaupima uzito wake, akaiinua mpaka usawa wa bega. Ikakaa hapo. Ronah alifumba macho akingoja kishindo. Alipofumbua, mzee alikuwa akiishusha polepole, kama anayelaza mtoto.

"Kifua chake kiko hapa," alisema, akigusa kati ya SOPHIE na KAHAMBU. "Siwezi. Atasikia."

"Basi nivunje mimi," Nobert alisema.

"Weye? Umupige muke yangu na nyundo, mimi naangalia?"

Ronah alipiga magoti kwenye tope. "Nisamehe, papa."

Mzee aliyatazama tena maandishi ya Ronah. "Unaandika muzuri," alisema. "Sophie alisema kila siku, Ronah iko na mukono muzuri."

Hapo ndipo Ronah alipolia kwa sauti, bila kuufunika uso.

Thembo alikikunja kitenge kwa mikunjo ile ile ya dukani, akakirudisha mfukoni. "Hapo chini," alisema, "andika bado."

Ronah alichukua msumari. Uliteleza. Alikandamiza mpaka vidole vikauma, na saruji ikatoa unga mweupe tu. Akainuka, akaenda jikoni, kwenye mafiga alikokuwa akiwekewa sombe, akarudi na kipande cha mkaa.

"Mvua itafuta hiyo," Nobert alisema, akitazama wingu zito lililokuwa likishuka kutoka milimani.

"Nitaandika tena."

"Mpaka lini?" mzee aliuliza.

Kichwani mwa Ronah maneno yalikuwepo yote, daima, abadi, kudumu, yamejipanga kama alivyoyaacha. Alipuliza vumbi juu ya saruji, akaanza na herufi ya kwanza.