Ntumba za Timoth

Karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa duka la Zenon asubuhi ya Jumatatu, na kufikia saa sita mtaa mzima pale Katandala ulikuwa umeisoma. Ilisema kwamba eneo wazi lisilotumika, lililoko bondeni, limependekezwa kujengwa ghala la mfanyabiashara wa nafaka. Chini yake kulikuwa na muhuri na sahihi ya Baltazari, mwenyekiti wa mtaa.

Bertila aliisoma mara mbili. Neno lililomkaa kooni lilikuwa moja tu: lisilotumika.

Bondeni kulikuwa na ntumba zaidi ya mia tatu. Mwezi wa tatu, nyasi zikiwa ndefu na bado mbichi, Wafipa huzikata, huzirundika na kuzifunika kwa udongo, kisha huziacha zioze kiangazi kizima. Mvua za kwanza zikinyesha, vilima hivyo, ndizo ntumba, hutawanywa na mbegu huingia. Asiyejua akipita pale mwezi wa kumi huona udongo mtupu. Anayejua huona ugali wa mwakani.

Arobaini na mbili kati ya hizo zilikuwa za Timoth, mumewe. Timoth alikuwa mlinzi wa ghala la umma mpaka biashara ilipofunguliwa milango, ghala likafungwa na walinzi wakapunguzwa. Malori ya watu binafsi yakaanza kubeba mahindi ya kijiji cha Mpui na kupita nayo mjini bila kusimama. Ilikuja miezi ambayo pale Katandala, ndani ya mkoa unaolisha wengine, watoto walilala na uji wa chumvi. Ndipo Timoth alipochukua jembe akashuka bondeni, na majirani wakamfuata. Machi ya mwaka huu alirundika kwa wiki mbili huku akikohoa. Mwezi wa tano walimzika.

Bertila hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Baltazari, akamkuta barazani anakunywa chai.

"Baltazari, wewe umezaliwa wapi?"

"Shemeji, salamu kwanza."

"Nakuuliza umezaliwa wapi."

"Mpui. Si unajua?"

"Mama yako alikulisha nini huko? Mawe?"

Baltazari akaweka kikombe chini. "Shemeji, mji unakua. Ghala litaleta kazi."

"Kazi ya kulinda mahindi ambayo hatuyali. Timoth aliifanya miaka kumi na mmoja, akarudishwa nyumbani na tochi yake. Wewe unaijua ntumba tangu hujaota meno. Umeandika vipi kwamba hapatumiki?"

"Basi uchaguzi ni mwezi ujao," Baltazari akasema, akacheka. "Gombea wewe, uandike vizuri."

"Haya. Nitagombea."

Vyama vilikuwa vimeshakuwa vingi. Kimoja, ambacho Katandala hakikuwa na hata bendera, kilimpa Bertila fomu ya uenyekiti, kikawapa na wanawake wanne wa bondeni fomu za ujumbe wa kamati ya mtaa. Wa kwanza kujaza alikuwa Luciana, muuza maharage, mwanamke ambaye ulimi wake uliogopwa mpaka Milanzi.

Bertila hakuwa mtu wa jukwaa. Tangu msiba sauti yake ilikuwa ndogo. Kila jioni aliwachukua watu watano, sita, akashuka nao bondeni na kuwaonyesha ntumba ya nani ni ipi, na shamba lake lililisha watoto wangapi mwaka uliopita. Siku moja Mayunga, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake pembeni ya mtaa, akaomba kusema.

"Mimi mwenzenu nilipofika hapa nikaona vilima hivi, nilivua kofia. Nikasema, hawa Wafipa wamekufa wengi hivi?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Sasa, mgeni kukosea ni haki yake," Mayunga akaendelea. "Huyu mwenyekiti wenu yeye ametoka wapi?"

Wiki ya mwisho wapambe wa Baltazari wakapita na unga, kilo mbilimbili kila nyumba. Luciana alipokea wake kwa mikono miwili. "Asanteni, wanangu. Unga ni wa kula. Kura ni ya kupiga. Sivichanganyi mimi."

Siku ya uchaguzi mvua ya kwanza ilinyesha alfajiri. Wapambe wakafurahi. Mfipa gani ataacha ntumba zake siku hiyo akapange foleni? Bertila alisimama kwenye kichochoro cha kuteremkia bondeni, akawageuza mmoja mmoja. "Shamba lipo mpaka jioni. Sanduku linafungwa saa kumi."

Wakafika shuleni, kwenye kituo cha kura, na majembe begani, matope miguuni.

"Majembe hayaingii. Ni silaha," msimamizi akasema.

"Kumbe!" Luciana akashangaa. "Miaka yote hii natembea na bunduki na sijakamatwa!"

Majembe yakaegemezwa ukutani, arobaini na zaidi, na wenye nayo wakaingia kupiga kura.

Baltazari alipata mia mbili na kumi na mbili. Bertila, mia moja tisini na nne. Wapambe wakambeba mwenyekiti wao juu wakiimba. Kisha msimamizi akasoma majina ya wajumbe sita wa kamati. Wanne walikuwa wanawake wa bondeni, Luciana akiongoza.

Bertila akanyoosha mkono. "Msimamizi, pendekezo la kugawa ardhi ya mtaa linapitishwa na nani?"

"Na kamati, kwa kura za wengi."

"Rudia tafadhali. Mwenyekiti hajasikia, amebebwa."

Nyimbo zikakatika. Wakamshusha.

Jioni ile, kabla giza halijaingia, Bertila alisimama mbele ya ntumba ya mwisho kurundikwa na Timoth. Miezi yote alikuwa akiiogopa siku hii, maana hakuna kingine kilichobaki kikiwa kama mikono ya mumewe ilivyokiacha. Akainua jembe. Udongo ukafunguka mweusi, laini, nyasi zimeoza zote. Timoth alikuwa amezifunika vizuri.

Akasikia hatua nyuma yake.

"Shemeji," Baltazari akasema, kofia mkononi, "kuhusu lile ghala, tungezungumza."

"Kamati inakaa Jumatano," Bertila akasema bila kugeuka. "Leo tunalima. Shika jembe au nipishe."

Akainua tena.