Mstari wa Majembe

Jua lilikuwa limeshagusa kilele cha Iveti nilipotokea kwenye kona ya mikonge, jembe begani, kitambaa cha kichwa mkononi, kiatu kimoja kikiburuzika kwa kuwa sikukifunga. Mbele yangu majembe ya wenzangu yalikuwa yamelazwa chini, mpini kando ya mpini, kama watoto waliobanana kitanda kimoja. Kasyoki, mwenyekiti wetu, alikuwa amesimama mwisho wa mstari. Aliniona. Akavuta kisigino chake vumbini, polepole, akachora alama kando ya jembe la mwisho.

"Hiyo ni ya tatu, Kamene," akasema.

Kwetu wanawake wa mteremko mmoja huunda mwethya. Leo tunachimba kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, mpaka kila shamba lipate makinga maji kabla mvua ya Novemba haijaja kubeba udongo. Sheria yetu ilikuwa moja: jembe lako liwe kwenye mstari kabla jua halijagusa kilima. Ukichelewa mara tatu, zamu yako inasukumwa mwisho kabisa, na mwisho, mwaka huo, maana yake ilikuwa baada ya mvua.

Zamu iliyofuata ilikuwa yangu. Baada yangu ilikuwa ya Kasyoki.

Lakini hilo silo lililoniuma zaidi. Lililoniuma ni kwamba usiku uliotangulia wote walikuwa kwangu. Mimi nimelelewa nyuma ya stendi ya Machakos mjini, mama akiwakaangia makanga wa matatu mihogo. Nimejifunza kujibu kabla sijajifunza kutembea, na kwetu usiku ndio ulikuwa mchana. Festus aliponioa akanileta kwenye shamba la baba yake, kisha akarudi zake Athi River kwenye kiwanda cha simiti, kimya cha hapa karibu kiniue. Nikakijaza. Sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, motoni, chai isiyopimwa, nani kamwacha nani, binti wa nani karudi kutoka Syokimau na gari la mwenyewe asiyejulikana. Walikuja wote, kila jioni. Kasyoki alikuwa na kiti chake, kile cha Festus, na ndiye aliyekuwa akitoka wa mwisho.

"Kasyoki," nikamwambia, "jana ulitoka kwangu saa ngapi?"

Wanawake wakainama, wakajifanya kila mtu anatafuta jembe lake.

"Nilitoka uliponiachilia. Niliinuka mara mbili ukanishika leso. Ukasema ati usiku bado mbichi."

"Ni kweli, alikushika," akasema Winfred, mdogo wetu, na mtu akacheka puani.

"Na chai yangu ulikunywa."

"Chai ilikuwa tamu, sijakataa. Lakini sheria ni sheria."

Nilichimba siku hiyo bila kuinua kichwa. Kila donge nililolipasua lilikuwa na uso.

Hapo ndipo nilipoapa kwamba nitaamka. Sikuapa kwa sababu ni vizuri, kama wanavyosema wahubiri na wale watu wa kwenye simu wanaokunywa maji ya ndimu wakitabasamu. Niliapa kwa uchungu. Nikategesha kengele ya simu. Mkono wangu ukaizima nikiwa bado usingizini, asubuhi nikaikuta chini ya mto. Nikautegemea mwito wa jogoo wa mama mkwe, kumbe jogoo mwenyewe hana msimamo, akimulikwa na tochi anawika. Mwisho nikakumbuka walinzi wa stendi walivyokuwa wakifanya: mtu anakunywa maji mengi kabla ya kusinzia, kisha anakiachia kibofu kazi. Nikaanza na vikombe viwili vikubwa. Kibofu hakibembelezwi, wala hakina neno la "kidogo tu."

Ulibaki mlango. Jioni ya kwanza niliukomea jua likizama. Nikawasikia wakipanda, viatu vyao, kikohozi cha Kasyoki.

"Hodi, Kamene. Niko na habari ya moto hapa, hata haingoji kesho."

Niliuma blanketi. Ile habari ilikaa pale mlangoni kama mbwa aliyenyimwa chakula, kisha nikaisikia ikishuka zake na wenyewe, wakinong'ona. Nililia usiku ule, na si kwa huzuni.

Asubuhi za kwanza zilikuwa mbaya. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nyayo kwenye sakafu baridi, nikimchukia kila mtu mmoja mmoja, kwa jina, mpaka mwili ukapata joto. Hasira ndiyo iliyonivisha nguo. Nikawa nashuka shambani kwangu gizani, nachimba peke yangu kipande cha kinga, halafu naenda kwenye mwethya, na jembe langu linakuwa la kwanza chini. Hakuna aliyenisifu. Kasyoki aliliangalia, akaliruka.

Wakati huo tulikuwa tukichimba kwake. Sasa elewa shamba lake lilivyo: liko chini ya langu, tumetenganishwa na mstari wa mikonge tu. Maji yakishuka mlima hupita kwangu kwanza. Nikawaambia, jembe mkononi, mbele ya wote.

"Haya maji yatatoka wapi kama si kwangu? Mnafunga mlango wa chini na wa juu uko wazi."

"Mwenye shamba la juu angekuwa ameamka," Kasyoki akajibu, "tungeanzia juu."

Wakacheka. Wale wale waliokula kwangu, na midomo ile ile. Nikachimba makinga yake pamoja nao, mazuri, yamenyooka, udongo umerushwa juu ukashindiliwa kwa miguu. Mtu asije akasema Kamene hakuchimba.

Mvua ilikuja alfajiri, bila kutoa taarifa. Nilikuwa nimeshaamka, kwa kazi ile ile ya kibofu, na niliposikia bati likinguruma nikachukua jembe nikatoka na gunia kichwani. Kinga yangu ya mtu mmoja ilikuwa kipande kifupi kwenye kona. Maji yaliizunguka. Yalikuwa mekundu, mazito, yamebeba udongo wangu na pojo niliyokuwa nimepanda, na yote yalikuwa yakielekea kwenye mikonge.

Nikakimbia hadi kwa Kasyoki. Njiani sikujua kama naenda kumwokoa au kumwonyesha kwamba nilimwambia. Nikagonga mlango kwa mpini.

"Kasyoki, amka. Maji yanashuka kwako."

Kisha kitanda kikalia, na nikamsikia akimwambia mume wake, maneno wazi kabisa, "Ni Kamene. Hata hajalala bado."

Bartholomew akacheka kwa sauti ya usingizi. "Shemeji, hadithi ni kesho. Wacha watu walale."

"Ni asubuhi."

"Kwako wewe?" akasema Kasyoki. Blanketi likavutwa.

Mbingu ilikuwa nyeusi kwa wingu, hakuna mwanga wa kunitetea. Na mimi, kwa miaka yote ile, nilikuwa saa yao: sauti ya Kamene ikisikika, basi kulala ni bado na kucha ni mbali. Niligonga mpaka kiganja kikavimba. Nilisema maji, nikasema makinga, nikasema Mungu. Mwishowe nikanyamaza nikapanda tena, nikaanza kukata mfereji wa kuyaelekeza maji korongoni. Jembe moja. Udongo wangu ulipita katikati ya miguu yangu nikiuona. Ukajaza kinga ya kwanza ya Kasyoki, ukatulia kidogo kama unaofikiri, kisha ukingo ukapasuka. Baadaye ya pili. Ya tatu sikuingoja.

Siku hiyo jua halikugusa kilima. Kasyoki alisimama kwenye tope miguu mitupu, leso yake imelowa hadi magotini, na wanawake wote wakimzunguka.

"Nilisikia sauti yako," akaniambia, "nikajua ni usiku."

Haikuwa kuomba msamaha. Alikuwa ananieleza tu, kama mtu anavyoeleza jinsi alivyoanguka. Mimi nilikuwa na maneno niliyoyalimbikiza tangu siku ya kile kisigino, nikayatafuta yote, na lililotoka ni moja.

"Majembe yenu yako wapi?"

Wakakubaliana kuanzia juu. Walipofika kwangu asubuhi iliyofuata, jembe langu lilikuwa chini peke yake, nami nimesimama mwisho wa mstari, kisigino tayari. Wakalaza yao, mmoja mmoja. Kasyoki akaja wa mwisho, kilima kikianza kuwa na rangi, akalilaza lake karibu na langu mpaka mipini ikagusana.

"Jioni nitapita kwako," akasema chinichini. "Nitakuja na sukari."

"Jioni nitakuwa nimelala."

Akaniangalia kuona kama ni mzaha. Kisha akainua jembe.

Makinga yangu yameshika, hata mvua za miaka hii zimeyaheshimu. Siku hizi nikikohoa uani, Kasyoki huwasha moto na akina Winfred huamsha watoto wa shule. Jioni hukusanyika kwake, na kicheko chao hupanda mteremko hadi kitandani kwangu, nami hunywa vikombe vyangu viwili nikageukia ukuta. Ule udongo hakuna aliyeurudisha. Nani atapandisha udongo mlimani? Mahindi ya Kasyoki ya pale chini ya mikonge hunenepa kuliko yangu kila msimu. Na mimi ndiye wa kwanza kuyaona, kila asubuhi, kabla mtu mwingine yeyote hajafungua jicho.